Kompyuta Tuliyoijenga kama Nyumba

Mimi nina mdomo, na sikatai. Sokoni ninapouza sombe, majani ya muhogo, wananiita Bernardine Pilipili, na mteja anayeminyaminya majani yangu bila kununua huondoka akijua kwa nini. Kwa mdomo huu nimeshinda ugomvi mwingi. Ugomvi nilioushinda vibaya kuliko yote ulikuwa wa kompyuta, na nitausimulia jinsi ulivyokuwa, bila kujipendelea.

Tulikuwa watatu katika nyumba ya kupanga hapa Nyamianda, mtaa wa mjini kando ya ziwa: baba yetu Félicien Ngendakumana, mdogo wangu Claude, na mimi. Mama alikufa zamani. Bonde la Ruzizi, tulikozaliwa, tulilikimbia mwaka ambao baba alikuwa akijenga nyumba mpya. Kuta zilikuwa zimepita madirisha, na mabati yalikuwa bado. Kila mvua iliponyesha mjini, baba alikaa mlangoni akasema, "Sasa hivi matofali yangu inanyeshewa." Yalikuwa matofali mabichi ya udongo. Sote tulijua kwamba hayapo tena, yeye pia alijua.

Claude alikuwa na miaka ishirini na moja, diploma ya serikali ndani ya bahasha, na kazi hana. Vitu alivyovijua ni viwili, mashine na mpira wa miguu. Vita vilipozidi kusogea, watu wa bunduki walianza kuzunguka mtaani wakiandika majina ya vijana. Placide, aliyekaa naye benchi moja tangu darasa la kwanza, alijiandikisha. Siku moja alikuja kututembelea akiwa na bunduki yake, akaiegemeza ukutani karibu na mtungi wa maji, kama mtu aliyetoka shamba anavyoegemeza jembe. Tulikula ugali pamoja. Claude hakuiondolea macho bunduki ile tangu tonge la kwanza hadi la mwisho.

Placide alipoondoka, baba alinawa mikono polepole.

"Bernardine, umeona macho ya mudogo wako?"

"Nimeyaona, Baba."

"Kijana mwenye kazi mu mikono hana mukono wa kushika bunduki. Tumutafutie kazi."

Kazi aliyoitaka Claude ilikuwa moja. Alitaka kompyuta yenye nguvu, ya kuchezea mpira kwenye skrini, ile ambayo wachezaji wanakimbia ndani yake mpaka unaona jasho. Angeiweka kwenye chumba cha mbele, vijana wa mtaa wangekuja kucheza wawili wawili, kila mechi na malipo yake. Baba aliuza baiskeli. Mimi nilitoa pesa za zamu yangu katika kikundi cha kuchangishana cha akina mama wa soko. Tukawa na pesa za kutosha, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, maana kompyuta ya namna ile unaweza kuinunua nzima iliyokwisha tumika, au ukaijenga mwenyewe kipande kwa kipande.

Ile iliyotumika ilikuwa dukani kwa Habonimana, imefunikwa kitambaa cha meza. Claude alikifunua kama anayemfunua mtoto aliyelala. Akaiwasha, ikawaka. Akaweka mchezo, ukacheza.

"Yaya, hii iko tayari," aliniambia; kwetu yaya ni dada mkubwa. "Tunaibeba leo, kesho batu banacheza."

Nikamwuliza Habonimana, "Na mwenyewe iko wapi?"

"Alikimbia na familia yake, biko ng'ambo, Burundi. Aliniachia niiuze."

Habonimana aliwahi kuniuzia simu iliyokufa siku ya sita. Nilikuwa bado na hasira naye. Nilimwambia Claude twende nyumbani kwanza, tumwulize baba, na njiani nikatafuta neno la kumshinda. Nililipata kabla hatujafika.

Kwetu bondeni vita vimekuja na kwenda tangu baba akiwa mtoto, na watu wamejiwekea sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Nyumba ya mtu aliyekimbia haiingiliwi. Utamfungia mlango, utamlindia migomba, hata mbuzi wake utamchungia, lakini kitandani kwake hulali. Bibi alikuwa akisema, ukilala kitanda cha aliyekimbia, utarithi safari yake. Baba aliishika sheria hiyo kuliko amri za kanisa.

Kwa hiyo nilimwuliza, "Baba, weye unaweza kununua nyumba ya mutu mwenye alikimbia?"

"Apana. Hata ya bure."

"Basi ile machine ni nyumba ya mutu mwenye alikimbia. Machozi yake iko ndani."

Claude alinigeukia, akaelewa ninachofanya.

"Yaya, ni kompyuta! Haina kitanda! Kujenga itakamata miezi. Vipande vinatoka Bujumbura, Bukavu, Kigoma. Na njia zinafungwa kila siku."

"Haraka haraka haina baraka," nikamjibu.

Ukitaka kummaliza kijana mbele ya mzee, mpige na methali. Baba akasema tujenge yetu, na tuijenge vizuri, kwa sababu ile ya bondeni hatukuimaliza. Nilishinda. Machozi ya mwenye kompyuta hayakunihusu kitu. Nilikuwa na hasira ndogo ya simu, nikaivisha nguo kubwa ya baba yangu.

Basi tukajenga. Kwanza lilikuja sanduku la chuma kutoka kwa mtu aliyefunga chumba chake cha intaneti. Ikafuata ile kadi kubwa ambayo vipande vingine vyote hupachikwa juu yake. Claude alisema Wafaransa wanaiita kadi mama. Baba alifurahi sana. "Kumbe nayo iko na mama," akasema, akataka kuishika. Siku ya kuweka kichwa cha kompyuta, yaani kile kipande kinachofikiri, Claude alihitaji kupaka juu yake dawa nyeupe kama dawa ya meno, kiasi cha punje ya mchele. Baba aliyelima mchele miaka thelathini alivaa miwani akainama mezani. "Punje ya muchele gani?" akauliza. "Ile ndefu ao ile ya mviringo?" Claude alicheka mpaka akaweka kichupa chini.

Kila jioni baba alirudi kutoka kwenye shamba la kukodi, akaweka jembe, akauliza kabla ya kunawa, "Tumefika wapi?"

"Tumefika madirisha, Baba," Claude alimjibu.

Wiki nyingine alimjibu, "Tumepita madirisha." Baba alikwenda akawaambia majirani kwamba kijana wake anajenga, na siku ya paa atawaita wote wanywe. Wengine walidhani ni nyumba kweli. Placide alikuja mara mbili, akamwita Claude nje kwa mluzi, na Claude akajibu kutoka ndani kwamba mikono yake ina kazi. Nilikuwa natwanga sombe uani, nikamsikia, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Sikujua kwamba hiyo ndiyo miezi mizuri tuliyogawiwa.

Kikabaki kipande kimoja. Ni kadi inayochora picha. Bila hiyo skrini inafunguka, maandishi yanaonekana, lakini mpira hauchezeki.

"Basi hiyo ndiyo paa," alisema baba.

Paa letu liliagizwa Kigoma, likaja na mashua ya mfanyabiashara. Mashua ilipaswa kutua bandarini Kalundu, lakini siku zile bandari ilikuwa na vurugu, nahodha akashusha mizigo Makobola. Claude alipigiwa simu na Délice, msichana aliyesoma naye, kwamba kifurushi kiko kwao salama, aje akichukue. Makobola si mbali, ni njia ya kando ya ziwa tu kuelekea kusini. Ila kwenye vizuizi vya njia ile vijana walikuwa wanateremshwa na hawarudi. Claude alitaka kwenda. Baba akamkataza, mimi nikamkataza kwa ukali zaidi.

Wiki moja ikapita, ya pili, ya tatu. Kompyuta ilikaa mezani mbavu zikiwa wazi. Claude akaanza tena kutoka, akirudi jioni bila kusema alikokuwa. Siku niliyoanika godoro lake nilikuta chini yake koti la kijeshi, limekunjwa vizuri, lina harufu ya sabuni mpya.

Nililipeleka kwa baba, nikalitupa miguuni pake. Mdomo wangu haukuniomba ruhusa.

"Baba, nyumba bila paa ni kichaka. Nyoka wataingia, unaona? Utaangalia mpaka lini?"

Jioni ile, wakati wa kula, nilimsikia akimwuliza Claude kile kipande kinabebwaje. Claude hakuinua macho kutoka kwenye sahani.

"Kisigandamizwe, Baba. Na kisipate mayi. Kikipata mayi kimekufa."

"Kimekufa kabisa?"

"Kabisa."

Asubuhi baba alichukua jembe begani na kapu la maharagwe mkononi. Tulidhani anakwenda shamba. Mzee mwenye jembe hapigwi na mtu, huo ndio usemi wake, na kwenye vizuizi ulikuwa kweli. Usiku ule hakurudi: alikuwa amefika Makobola, akalala kwa akina Délice, akapewa kifurushi.

Aliyetuletea kapu siku ya pili alikuwa mwanamke mwuza samaki aitwaye Chérie. Nguo zake zilikuwa na matope hadi kifuani. Aliuliza nyumba ya Félicien, nikamwambia ndiyo hii, na nilipoliona kapu letu mkononi mwake nikakaa chini bila kutafuta kiti. Claude ndiye aliyemwambia aseme.

"Tulikuwa batu saba mu njia," Chérie alisema. "Mvua ilikuwa inanyesha. Masasi ya bunduki ikaanza kulia ku mulima. Tukajitupa mu mufereji, na mufereji ulijaa mayi. Siye bote tukalala, uso mu mayi. Muzee hakulala. Alipiga magoti, akaweka kapu juu ya kichwa, akalishika na mikono mbili. Miye nikamuita: Muzee, lala! Akaniambia: Hii haipate mayi. Nikamuita tena. Akaniambia: Ni paa ya mutoto wangu."

Chérie alilitua kapu miguuni pa Claude.

"Nilikamata kapu kabla halijaanguka," akamaliza. "Nilijua tu ni kintu kubwa."

Claude aliingiza mkono ndani ya maharagwe, akatoa kifurushi. Baba alikuwa amekizungushia nailoni mara tatu na jani la mgomba juu yake. Claude alifungua tabaka moja moja. Kadi ilikuwa kavu. Hakukuwa na hata tone moja.

Tulileta mwili wa baba, tukamzika. Ndugu walikuja, walilala uani siku za kilio, wanawake wakiimba, wanaume wakikaa na moto. Nililia mpaka sauti ikakauka. Claude hakulia. Ndugu walipotawanyika, alikaa mezani mchana kweupe, akapachika kadi mahali pake, akakaza skrubu mbili, akafunga sanduku. Akaiwasha.

Uwanja ulitokea. Sijaona majani ya kijani namna ile hata bondeni wakati wa masika. Wachezaji walipanga mstari, wakangoja. Claude hakugusa kitu.

"Baba alisema siku ya paa ataita batu ba mutaa," alisema.

"Tuwaite basi, Claude."

"Bakuje kuona nini?"

Wachezaji waliendelea kungoja, wakihamahama mguu huu na ule. Kisha akasema, bila ukali wowote, kama anayefanya hesabu ya shule, "Yaya, kama tulikamata ile ya Habonimana, Baba angekuwa hapa."

Mimi Bernardine Pilipili, mimi ninayewanyamazisha watu sokoni, sikuwa na neno. Angenitukana ningepumua. Angenipiga ningemshukuru. Alizima kompyuta, akaifunika kwa kitambaa. Asubuhi godoro lake lilikuwa limekunjwa, na koti halikuwepo.

Nilimtafuta. Nilikwenda kwa mama yake Placide, tukalia pamoja, yeye wa kwake na mimi wa kwangu. Mtu mmoja alisema amemwona milimani, juu ya Lemera, amekonda. Baada ya hapo sikusikia tena. Simu yake hailii.

Siku moja nilikutana na Habonimana sokoni. Nilitaka kumpita, akanisimamisha kwa heshima, akanipa pole ya baba. Nikamwuliza ile kompyuta iliishia wapi. Akasema aliiuza kwa tabu, kwa kuchelewa sana, na mwenye kompyuta alikuwa akimpigia simu kila wiki kutoka kambini kule Burundi, akimsihi aiuze upesi kwa sababu watoto wanalala njaa. "Alifurahi siku mulikuja," Habonimana akaniambia. "Nilimwambia nimepata batu." Sikumaliza kuuza sombe siku hiyo. Nilifunga beseni nikarudi nyumbani. Mwenye machozi alikuwa akituomba tununue, na mimi nikatumia machozi yake kumnyima.

Mwaka ulipotimia tulifanya kuganduka, yaani kuondoa kilio. Pombe ya mtama ilipikwa. Kwa desturi, mtoto wa kiume husimama mbele ya ndugu, akakabidhiwa nyumba ya baba yake. Tulingoja hadi jua likapita utosini. Kiti cha Claude kilikaa kitupu, na hakuna aliyethubutu kukiondoa. Mwishowe baba mdogo Nzeyimana alisimama, akagawa vitu vya marehemu: jembe kwa huyu, koti la kanisani kwa yule. Alipofika kwenye kompyuta aliitazama kwa mbali.

"Na hii?"

Hakuna aliyeitaka. Wakaniachia mimi.

Niliweka kipande cha boksi mlangoni: INAUZWA. Walikuja watu, wakauliza swali lile lile, mwenyewe yuko wapi, wakaaga. Nilikuwa nawajibu ukweli, sijui ni kwa kiburi au kwa toba.

Jana alikuja Élisabeth. Anauza makala, yaani mkaa, mtaa wa nyuma, naye ametoka bondeni kama sisi. Ana mtoto mmoja tu, Espoir, wa miaka kumi na saba. Alijifuta mikono kwenye kitenge kabla ya kuigusa kompyuta.

"Inawaka?"

Niliiwasha. Uwanja ukatokea na wachezaji wakapanga mstari. Uso wake ulifunguka, na nikaona kwamba tayari anamwona mwanawe amekaa hapo.

"Banasema kijana akikuwa na hii, batu ndio banamufuata, yeye hafuate batu," alisema. Kisha akauliza. "Na mwenyewe iko wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Uongo ulikuwa umefika kwenye meno.

"Mwenye alileta kipande ya mwisho alikufa. Mwenye aliijenga alikwenda kukamata bunduki."

Élisabeth alirudisha mkono wake taratibu, akauweka kwenye mwingine.

"Pole sana, mama. Lakini weye ni wa kwetu, unajua. Kintu ya kilio hatuingize mu nyumba. Afazali tujenge yetu pole pole." Akatabasamu, asinivunje moyo. "Haraka haraka haina baraka."

Nilisikia maneno yangu yakitoka kwenye kinywa cha mwingine, na yalikuwa yamenona kwa vilivyoliwa nyumbani kwangu.

"Élisabeth," nikasema, "Espoir akikula, anaangalia wapi?"

Alianza kugeuka aende.

"Nakuuliza! Akikula ugali, macho yake iko wapi?"

"Ku njia," alisema. Machozi yalikuwa yamejaa. "Anaangalia ku njia. Rafiki zake bote bameenda."

"Basi uibebe leo. Sitaki pesa. Ibebe leo!"

"Siwezi, mama. Unisamehe, siwezi." Akatoka karibu anakimbia, ndala zake zikipiga vumbi.

Nilisimama na ile kompyuta inayowaka, wachezaji wakingoja. Kisha nikachomoa nyaya. Skrini ningeirudia baadaye. Niliviringisha kitambaa nikatengeneza ngata, nikaliinua sanduku la chuma, nikalitua kichwani pale ninapobebea sombe kila asubuhi. Ni zito kuliko nilivyodhani. Nikatoka, mlango nikauacha wazi.

Élisabeth alikuwa amefika kwenye kisima cha mtaa. Nilimwita, hakugeuka, akaongeza mwendo. Nikaongeza na mimi. Watu walisimama kunitazama, na mmoja akauliza kama Pilipili amerukwa na akili. Tone la kwanza la mvua lilinipiga mkononi, kisha la pili. Nikavua kitenge cha mabegani, nikalifunika sanduku, nikalishika juu ya kichwa kwa mikono yote miwili, nikaendelea kumfuata.